Vidonge Ndani ya Kijaluba

Nairobi, Jumanne, Mfungo Pili, 1956

Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kukata masikio. Jua halikujitokeza kabisa. Mwili wangu mzito, macho yanajifumba yenyewe, na si kwa sababu ya baridi peke yake. Nitafika hapo.

Zena, mke wangu, anakwenda Makka. Alhamisi jioni wanapanda gari la moshi mpaka Mombasa, yeye na kaka yake, Mwalimu Sefu, kisha watachukua meli mpaka Aden na Jedda. Nauli imetoka kwenye shamba la urithi wao lililouzwa, kwa hiyo mimi nabaki hapa na cherehani yangu. Sina kinyongo. Au ninacho kidogo na huyu shemeji yangu, lakini si cha safari.

Zena ana kifafa.

Nimeliandika. Sijawahi kuliandika neno hili, na mara tu nilipoliandika nimegeuka kutazama mlango.

Aliniambia mwenyewe mwezi wa kwanza wa ndoa yetu, baada ya kuanguka uani mbele yangu nikadhani amenifia. Alipozinduka jambo la kwanza alilofanya ni kunilisha yamini: nisimwambie mtu, na zaidi ya wote nisiwaambie watu wa kwao. Huko kwao aliyejua ni mama yao peke yake, Mungu amrehemu, naye alikwenda na siri hiyo kaburini. Ugonjwa huu ukitajwa katika nyumba, posa haziji tena. Wakati ule wadogo zake walikuwa hawajaolewa. Sasa wameolewa wote, lakini binti yetu Rukia yuko Mombasa kwa shangazi yake, na watu wameanza kupitapita na kuulizia umri wake. Kwa hiyo yamini iko palepale.

Daktari wetu yuko Westlands, Mhindi mzee asiyependa maneno mengi. Tulimchagua kwa umbali wake, maana hakuna jirani wa River Road atakayetukuta huko. Alimpa Zena vidonge vya kumeza kila jioni, na tangu ameanza kuvimeza ameanguka mara za kuhesabika. Mungu ametusitiri.

Na sasa kijaluba. Kila mwanamke wa kwetu pwani anacho, kile kikasha cha bati cha kutilia tambuu, popoo, chokaa na tumbaku. Mwanamke akifungua kijaluba chake mbele za watu hakuna anayemtazama mara mbili, na Zena aliliona hilo mapema. Vidonge vikitoka kwa daktari, chupa inatupwa siku hiyohiyo, vidonge vinalala ndani ya kijaluba chini ya majani. Jioni anakifungua, anajitia anakunja tambuu yake, kidonge kinaingia mdomoni pamoja na kijipande cha jani, anakiteremsha kwa kahawa. Amefanya hivyo mbele ya majirani, mbele ya mawifi zake, mbele ya Mwalimu Sefu mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumwuliza neno. Mimi nilikuwa nacheka kimoyomoyo. Nilisema mke wangu hodari.

Tena hata hiyo chupa inayotupwa huandikwa jina langu mimi. Zena hakutaka jina lake liandikwe popote. Bwana Jivraj, mwenye duka la vitambaa ambaye nashonea barazani kwake, siku moja aliiona chupa mfukoni mwangu, akamwuliza jamaa yake wa duka la dawa ile ni dawa ya nini. Tangu siku hiyo haniruhusu kupanda ngazi kuteremsha majora. "Wewe iko mgonjwa, fundi. Shuka. Anguka hapa, nani nalipa?" Nashuka. Nimezoea.

Leo asubuhi nilikuwa na mapazia ya kupeleka Spring Valley kwa memsahib mmoja, nikapanda baiskeli, nikaona nipite Westlands nichukue vidonge vya safari. Zena akanipa kijaluba chenyewe. "Mwonyeshe vilivyosalia," akaniambia, "asije akasema twavila kama njugu." Akacheka, na meno yake yale meupe yaliyoniozesha. Alikuwa na furaha leo asubuhi. Nataka hilo nilikumbuke.

Kwenye mwinuko wa kwendea Westlands kuna kizuizi. Siku hizi za hali ya hatari vizuizi havikosi, na sisi wa pwani kwa kawaida hawatusumbui sana. Wanaiona kofia yangu, wananipungia mkono nipite. Leo alikuwapo askari mgeni, amelowa chapachapa, amenuna. Akafungua mapazia ya memsahib, akayafunga ovyo. Kisha akaligonga koti langu kwa fimbo.

"Hapa iko nini?"

"Kijaluba, afande. Cha tambuu."

"Fungua."

Nikafungua. Akalisukuma jani kwa kidole, akaviona vidonge, vyeupe kwa chokaa juu ya weupe wake, na vumbi la tumbaku juu yake. Akamwita mwenzake aje watazame wote wawili.

"Hii ni dawa gani?"

"Ya kichwa."

"Dawa ya kichwa inakaa kwa chupa. Chupa iko na jina. Hii haina chupa, haina jina. Unapelekea nani? Watu wa msituni?"

Kwa neno hilo watu wanachukuliwa siku hizi, na hawarudi upesi. Nyuma yangu kulikuwa na watu wamesimama na mizigo yao, masikio yote kwangu, na miongoni mwao nilimwona mwanamke mmoja anayeuza mboga karibu na kwetu. Ningesema nini? Kwamba ni ya kifafa cha mke wangu? Jioni hii hii habari ingekuwa uani kwetu, na kesho kutwa Mombasa.

"Ni yangu mwenyewe, afande. Nainywa kila siku."

"Basi kunywa."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Nikachukua kidonge kimoja, nikakimeza kikavu, pamoja na chokaa yake, ikanibabua ulimi mpaka machozi yakanitoka. Wakacheka, yeye na mwenzake. Akanirushia kijaluba, nikakidaka vibaya, vidonge vingine vikamwagika topeni. Niliinama nikaokota vya kuokoteka, watu wakinitazama.

Mapazia yalifika Spring Valley makavu, alhamdulillahi. Memsahib akayasifu kwa kuyatazama yenyewe, si mimi. Lakini kurudi Westlands barabara ilianza kunitembelea. Miti ikawa inakuja na kurudi. Nilishuka nikaikokota baiskeli, na nilipofika kwa daktari nikakaa kwenye benchi ya kungojea, na hapo ndipo fahamu zangu zilipoishia.

Nilizinduliwa na daktari mwenyewe ananitikisa bega. "Fundi! Umelewa?"

Mimi, kulewa! Nikamweleza mambo yote. Alicheka mwanzo, kisha akaniomba kijaluba. Alikifungua, akanusa, akakiweka mezani mbali naye.

"Huyo askari amekufanyia hisani," akasema.

Nilitaka kumjibu kwa ukali lakini ulimi ulikuwa mzito. Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtu mwenye usingizi. Kama mimi, mwanamume, mchana kweupe, katika mji wangu, nimeshindwa kueleza vidonge hivi ni vya nani na vya nini, Zena atawaeleza nini watu wa forodha wa Aden? Na wale wa Jedda, ambao hata lugha hawaelewani? Alisema vidonge hivi serikali inaviweka pamoja na sumu; havinunuliwi dukani kama sukari. Vikikutwa ndani ya kikasha cha tambuu bila chupa wala jina, vitamwagwa baharini, na hapo wamemfanyia upole.

Nikasema, basi vikimwagwa atavumilia siku hizo, si safari ya ibada? Mungu atamlinda.

Daktari akavua miwani. "Sikiliza, fundi. Mtu asiyekunywa kabisa ni jambo lingine. Huyu mwili wake umezoea. Ukimkatia ghafla ataanguka, na kabla hajazinduka ataanguka tena, na tena. Nimepata mgonjwa wa namna hiyo, mama mmoja aliyesahau dawa yake akisafiri. Sikuweza kumrudisha."

Usingizi wote ulinitoka.

Basi akanitajia yanayotakiwa, na nayaandika hapa nisije nikayasahau kwa kichwa hiki. Vidonge vikae katika chupa ya duka la dawa, na jina kwenye chupa liwe lake Zena, herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasi yake ya safari. Lile jina langu halina faida, mimi siendi Makka. Viwe vya kutosha safari nzima na vya ziada, kwa sababu meli huchelewa, na mahujaji huzuiliwa karantini hata kwa ugonjwa wa mtu mwingine. Visitiwe ndani ya sanduku, maana sanduku hushushwa chini ya meli na huenda asilione mpaka Jedda. Viwe kwenye mkoba wake wa mkononi. Afadhali chupa ziwe mbili, moja kwake na nyingine kwa mwenzake wa safari, moja ikipotea ipo ya pili. Asibebe dawa ya mtu mwingine yeyote, hata jirani akimlilia. Na awe na karatasi ya daktari inayosema ana ugonjwa gani, anatumia dawa gani na kiasi gani kwa siku. Yeye ataiandika kwa Kiingereza na kutia saini. Ya Kiarabu tutafute mtu wa kuifasiri.

"Mnaye mtu ajuaye Kiarabu?"

Tunaye mmoja. Mwalimu Sefu, anayesomesha chuo cha Kurani nyuma ya River Road.

"Na nani anasafiri naye?"

Huyohuyo.

"Anajua?"

Nilitazama viatu vyangu, vimejaa tope.

"Mlete kesho," akasema daktari. "Nimfundishe jinsi ya kumlaza ubavu, asimtie kijiko wala kidole mdomoni, asiwaache watu wakamfunga kamba wakisema ni pepo. Bila kumwona huyo kaka sitii saini karatasi yoyote."

Nimerudi mjini nikiikokota baiskeli njia nzima. Kila hatua nilikuwa napanga maneno, na kila nilipoyapanga yaliporomoka. Alhamisi ndiyo safari. Bila Sefu hakuna karatasi. Bila karatasi vidonge vitatupwa. Vidonge vikitupwa narudishiwa habari ya maiti. Hesabu yenyewe haina mlango wa kutokea.

Nilimkuta Zena anakunja nguo nyeupe za safari. Nikamweleza yote, na la askari, na la yule mama. Alisikiliza bila kusimamisha mikono.

"Basi siendi," akasema.

"Zena."

"Siendi. Nitamwambia kaka naumwa mgongo. Umekula yamini, baba Rukia, usisahau."

Hapo niliwaka. Nilimwambia kwamba nimekula yamini ya kumsitiri, si ya kumzika. Nilimwambia kidonge chake nimekimeza mimi leo mbele ya kadamnasi, kwa chokaa yake, ili aibu isimfike, na mpaka sasa ukuta hausimami wima machoni pangu. Nilipandisha sauti, nalo si jambo la kawaida kwangu. Yeye akarudisha nguo sandukuni moja moja, akafunga. Kisha akanipa kisogo akaenda kuwasha jiko, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja baada ya alasiri.

Leo ilikuwa siku yake ya kuomba radhi. Ndiyo ada yetu, anayekwenda Makka haondoki na kinyongo cha mtu. Majirani na jamaa humjia, naye huwaomba radhi mmoja mmoja kwa aliyowakosea, nao humwomba akawaombee dua. Wamekuja wengi, uani palijaa. Nusu yao walikuja na vifurushi: peleka hii kwa mjomba wangu Jedda, peleka dawa hii ya tumbo kwa binamu yangu. Nilisimama mlangoni nikavikataa vyote vya dawa kimoja kimoja, na nadhani leo nimejipatia jina la uchoyo mtaa mzima. Sijali.

Mwalimu Sefu alifika mwisho, wageni wanaondoka. Na alikuja, kama kawaida yake, na sufuria ya biriani ya mkahawani, imefungwa kwa kitambaa.

Hapa nieleze kinyongo changu. Tangu Sefu ahamie Nairobi, haji kwangu mikono mitupu. Na akimkuta dada yake jikoni hamalizi hata salamu. "Toka hapo, Zena. Chakula nimeleta." Siku zote, maneno hayohayo. Kana kwamba kwangu hakupikwi! Kana kwamba dada yake ameolewa na mtu asiyeweza kununua mchele! Nimekula biriani hiyo kwa uchungu mara ngapi, na mara ngapi nimesema sina njaa nikaenda kulala na tumbo linanguruma. Zena huniambia ni mapenzi ya kaka. Mimi nilisema ni dharau ya mtu wa chuo kwa mshona nguo.

Na leo ilikuwa ileile. Zena alikuwa amechutama anapuliza makaa ya kahawa, Sefu akaingia. "Toka hapo, Zena."

Nikauma meno.

Wageni walipokwisha tukabaki watatu ndani. Zena akakaa mkekani mbele ya kaka yake, akajitanda leso vizuri.

"Kaka, nakuomba radhi kwa niliyokukosea, ninayoyajua na nisiyoyajua."

"Nimekuwia radhi, dada. Nawe niwie."

Hapo ndipo jambo huisha, watu hupeana mikono na fatiha ikasomwa. Lakini Zena hakunyoosha mkono. Sefu mwenyewe wiki iliyopita aliwafundisha wanawake wa mtaa kwamba radhi isiyotaja kosa ni maneno matupu. Mimi nami nilikwisha fungua mdomo. Nilikuwa tayari kuivunja yamini yangu na kufunga siku tatu za kafara yake, potelea mbali. Zena akanitangulia.

Alichukua kijaluba, akakifungua, akakipindua juu ya mkeka. Majani yakaanguka, popoo ikabingirika, na vile vidonge, vingine bado na tope la Westlands.

"Hii si tambuu, kaka. Ni dawa. Nina kifafa tangu udogo wangu, na nimekuficha."

Niliogopa kumtazama Sefu. Nilipomtazama, nikaona hakushtuka. Aliokota kidonge kimoja, akakipangusa kwa pindo la kanzu yake.

"Najua si tambuu," akasema. "Mtu gani huyo ale tambuu kila siku ya Mungu, na meno yabaki meupe hivyo?"

Lo! Mimi ninayekula naye sinia moja, mimi niliyeyasifu meno hayo tangu siku ya harusi, haikunipitia kichwani hata mara moja kwamba yatatufichua. Mla tambuu kinywa chake huwa chekundu, meno nayo hugeuka rangi, hilo hata mtoto analijua. Hodari wangu!

"Na kifafa?" nikauliza mimi.

Sefu akaushika mkono wa kushoto wa dada yake, akaipandisha leso kidogo. Pale pana kovu kubwa, limekunjamana. "Amekwambia hili ni la nini?"

"La uji. Ulimmwagikia utotoni."

"Uji gani? Alianguka mekoni. Mama alikuwa amekwenda kisimani, na mimi ndimi niliyemvuta. Mama aliporudi akanilisha yamini nisimwambie mtu, wala yeye mwenyewe."

"Mama aliniambia ni yeye aliyenitoa," Zena akasema.

"Hakutaka ujue kwamba najua. Alisema utaishi ukinionea haya."

Zena akajifunika uso kwa leso. Alilia kwa sauti, na mimi sikumnyamazisha. Sefu akanigeukia mimi. Sikuwa nimetarajia.

"Shemeji, mwenye haja ya radhi leo ni mimi. Ulipokuja kuposa nilikaa pale, nikajua, nikakupa dada yangu, nikanyamaza. Sijapata kukaa kwako nikala kwa raha. Niwie radhi."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Watu watatu, kila mmoja na yamini yake, tunamkinga kila mmoja wetu na jambo analolijua! Na kwa ajili hiyo mtu alikuwa karibu kufia baharini. Nikamwambia nimemwia, kwa moyo mweupe. Kisha, kwa sababu mimi ni mimi, nikashindwa kujizuia.

"Na sufuria hizi je, Mwalimu? Za kila siku?"

Alitazama sufuria yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Kila nikija namkuta motoni," akasema. "Siwezi, shemeji. Nikimwona amechutama mbele ya makaa mwili wangu unakufa ganzi. Basi nikiwa na chakula mkononi ninayo sababu ya kumwondoa pale."

Nikaivuta sufuria karibu, nikafungua kitambaa.

Tumekula biriani. Mimi nimekula mpaka sufuria ikabaki tupu, Zena akanitazama kwa mshangao. Baadaye alikisafisha kijaluba, akatia tambuu ya kweli, akakunja moja akaitafuna kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alikunja uso akaenda kuitema uani. Sefu alicheka mpaka akashika mbavu. Sijapata kumsikia mtu huyu akicheka kwa sauti.

Kesho tunakwenda Westlands sote watatu. Chupa mbili, jina lake lote kama lilivyo kwenye pasi; Zena mwenyewe amesema hivyo, mimi sikumkumbusha. Sefu ataifasiri karatasi kwa Kiarabu baada ya kusomesha. Kuhusu Rukia, amesema atakayemkataa mtoto kwa jambo hili ni bora ajulikane mapema. Zena hakuitikia, wala hakupinga. Hilo bado linamuuma, na litamuuma kwa muda.

Kwa upande wa safari, basi, mambo yamekaa sawa. Linalonikalisha hapa na kalamu ni jingine.

Sefu aliuona moto mara moja, utotoni, na mpaka leo hawezi kuvumilia. Mimi nimeujua ugonjwa huu tangu mwezi wa kwanza wa ndoa. Nimebeba dawa, nimekula yamini, nimeshushwa ngazini na Jivraj kwa ajili yake, na nilikuwa najiona mume. Na kila alfajiri naamshwa na harufu ya chai, naye yuko pale uani peke yake, amechutama juu ya jiko la makaa. Leo kidonge kimoja kimeniangusha mimi kipande kizima cha mchana kwenye benchi ya watu. Yeye analala na kidonge hicho kila usiku, na kwa kichwa kizito kama hiki changu anaamka gizani kunipulizia moto. Na mtu pekee aliyekuwa akimwambia atoke hapo ndiye niliyekuwa nikimchukia.

Zena amelala. Jiko nimelisogeza upande wangu wa mlango, makaa nimeshayapanga, na kiberiti kiko mfukoni mwangu.

Kesho chai naipika mimi.